Namba 38

Tangazo lilisema hivi: dalsima ya kale ya milimani, kazi ya mikono, miaka ya 1800, fundi hajulikani. Bei dola 140. Picha zilikuwa tatu, zote zimepigwa juu ya zulia, na kwenye ile ya tatu kidole gumba cha muuzaji kilikuwa kimeingia pembeni. Nilikuwa na miezi minane tangu nifike Lexington, Kentucky, kwa masomo, na nilishajua dola 140 zinanunua chakula cha siku ngapi. Nikainunua hata hivyo. Kilichoniuzia ni ile "miaka ya 1800". Nilitaka kushika kitu ambacho watu waliokwisha kufa walikishika kabla yangu, tena wengi.

Watu wa nyumbani wakiniuliza dalsima ni nini, huanza na neno wasilolitegemea: santuri. Sisi tunaita santuri ile sahani nyeusi ya muziki iliyokuwa ikizunguka sebuleni kwa wazee. Kwa Waajemi na Waarabu santuri ni ala, kisanduku chenye nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti viwili vyepesi. Jamaa wa ala hiyo huko Uingereza aliitwa dalsima, na watu wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, wakalichukua jina hilohilo wakaipa ala nyingine kabisa. Mkanganyiko huo haujaisha mpaka leo. Dalsima ya milimani haigongwi. Ni kisanduku chembamba na kirefu unachokilaza mapajani. Juu yake umepita ubao mwembamba toka mwanzo hadi mwisho, wenye freti, na nyuzi tatu, wakati mwingine nne. Wachezaji wa zamani walikuwa wakibonyeza uzi wa kwanza tu, ule wa upande wa tumbo, kwa kijiti kinachoteleza juu ya freti, huku mkono wa kulia ukikwaruza nyuzi zote kwa unyoya wa bata bukini. Uzi mmoja unaimba, nyingine zinavuma palepale bila kubadilika. Aliyewahi kukaa karibu na zeze la Wagogo hahitaji maelezo zaidi.

Rafiki zangu walinilaumu kwamba nimekosea ala. Banjo ndiyo yetu, walisema, na ni kweli kwamba banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliotumikishwa upande huu wa bahari. Dalsima ukoo wake ni wa Kijerumani. Babu yake aliitwa scheitholt, kisanduku cha nyuzi ambacho Michael Praetorius alikiandika kitabuni mwaka 1619 bila kukisifu sana, na walowezi wa Kijerumani wa Pennsylvania walikuwa nacho. Lakini mtu hachagui ala kwa kufuata shajara ya ukoo. Niliisikia ikipigwa kwenye kibaraza cha kanisa moja, nikasimama mpaka nikachelewa darasa.

Siku ya tatu baada ya kuipokea nililegeza nyuzi, nikawasha tochi ya simu na kumulika ndani kupitia matundu ya sauti. Matundu ni manne, yamekatwa kwa umbo la moyo. Ndani, juu ya mbao ya chini, palikuwa na maandishi ya penseli. No. 38. 1974. Kisha mstari mmoja unaosema kwamba mbao ni ya mcheri na ilitoka kwenye ghala la baba yake. Jina hakuna.

Mwaka 1974 mama yangu alikuwa darasa la pili.

Nilimwandikia muuzaji. Sikumtukana, ila niliambatisha picha ya maandishi. Akajibu kwamba yeye alielezwa hivyo na aliyemuuzia, kwamba hata hivyo ni kazi ya mikono, na kwamba sauti ni ileile iwe ya 1874 au 1974. Akanirudishia dola 30. Kwa siku kadhaa niliona ni uhuni wa kawaida wa mitumba, kama wa yule anayekuambia koti ni la Italia. Baadaye nikaanza kuyasoma matangazo ya dalsima zilizotumika kama ninavyosoma kitabu cha kufanyia uhakiki, moja baada ya jingine, mamia, usiku ambao nilipaswa kuwa nasoma vitu vingine. Nikaona kwamba tatizo ni kubwa kuliko muuzaji wangu.

Maneno yanajirudia. "Ya kale." "Ya watu wa milimani." "Ya asili." "Fundi hajulikani." Huandamana, na yanasaidiana kazi: kadiri kitu kinavyosukumwa nyuma kwenye ukungu wa zamani ndivyo aliyekitengeneza anavyopaswa kupotea, kwa sababu mtu mwenye jina, anwani na penseli huuharibu ukungu. Tunaujua mchezo huu. Nenda kwenye duka lolote la vinyago linalouzia watalii, Dar es Salaam au Mombasa, ukaone jinsi kinyago kilichochongwa mwaka jana kinavyopakwa rangi ya kiatu ili kiwe na umri. Mchongaji yupo, ana simu, pengine anadai pesa yake. Lakini "mchongaji hajulikani" huuza vizuri zaidi. Hata milango ya Zanzibar, tunayoipiga picha kwa fahari, mara nyingi ina mwaka na maandishi matakatifu, na pengine jina la mwenye nyumba. Aliyekaa miezi juu ya mbao ile na patasi hayupo.

Kinachokera ni kwamba kwa dalsima uongo huu hauna hata kisingizio. Katika ala zote za kienyeji za Marekani ninazozijua, hii ndiyo ambayo mafundi wake waliandika sana. Chukua J. Edward Thomas, aliyezaliwa 1850 na kufariki 1933, wa kaunti ya Knott, mashariki mwa Kentucky. Alianza kutengeneza dalsima mnamo 1871 na akaendelea mpaka uzeeni. Alikuwa na umbo lake: kiuno chembamba, mabega mawili ya mviringo, matundu ya moyo. Alibandika ndani karatasi yenye namba na tarehe, na namba zake zilipita elfu moja. Huyu ndiye ambaye wauza ndoto wangependa awe mzee wa msituni anayechonga kwa kufuata sauti ya upepo. Mtu anayefika namba elfu moja ana kielelezo cha kukatia mbao, ana wateja, ana hesabu. Alikuwa na kiwanda cha mtu mmoja. Namba ile ni ya mfanyabiashara anayejua kwamba mteja wa leo atamleta mwingine kesho.

Na wateja wake hawakuwa majirani tu. Mwaka 1902 wanawake wawili, Katherine Pettit na May Stone, walianzisha shule mjini Hindman, katika kaunti hiyohiyo, kando ya kijito kinachoitwa Troublesome, yaani msumbufu, jina ambalo kitakuja kulistahili. Shule za namna ile ziliwaleta milimani walimu, wafadhili na wakusanyaji wa nyimbo kutoka miji ya mashariki. Cecil Sharp wa Uingereza alipita hapo 1917 akitafuta nyimbo za kale za kwao. Wageni hawa walitaka kuondoka na kitu mkononi, na dalsima ilikuwa kitu kizuri cha kuondoka nacho. Kwa hiyo sehemu ya "asili" tunayoiabudu ilikatwa kwa kipimo cha mgeni. Silisemi hili kwa kejeli. Thomas aliuza alichokijua kwa mtu aliyekitaka, na akatia namba. Heshima ipo hapohapo.

Ukivuka mpaka na kuingia Galax, Virginia, hali ni tofauti kabisa: huko, kwa ukoo wa Melton na majirani zao, kisanduku ni kipana kama tone la maji na nyuzi zote hufungwa kwenye noti moja. Jimbo la jirani tu, na "dalsima ya milimani" imekuwa mbili. Tangazo halina nafasi ya jambo kama hilo.

Lakini hata karatasi iliyobandikwa ndani ina namna yake ya kusema nusu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mtu aliyeitoa dalsima milimani na kuipeleka duniani ni Jean Ritchie, aliyezaliwa 1922 katika kijiji cha Viper, kitinda mimba wa watoto 14. Baba yake alikuwa na dalsima na aliwakataza watoto kuigusa. Jean akaigusa, akiwa na miaka kama mitano, kwa siri. Mwaka 1947 alikwenda New York kufanya kazi za ustawi wa jamii, akaanza kuimbia watu wa mjini nyimbo za kwao huku dalsima ikiwa mapajani. Watu wakaanza kuulizia ala ile inapatikana wapi. Yeye na mumewe, mpiga picha George Pickow, wakaona soko. Karakana yao ilikuwa Brooklyn, chini ya daraja la Williamsburg. Hapo mwanzo, dalsima zenyewe zilitoka Kentucky zikiwa hazijamalizika. Aliyezituma ni Jethro Amburgey, ndugu wa Jean, mwalimu wa useremala katika shule ya Hindman, aliyejifunza kazi hii kwa Thomas. George akazimalizia, Jean akazifunga nyuzi na kuzitia sauti, na muda si mrefu zikawa zimeuzwa 300. Baadaye ndipo wakawa wanatengeneza wenyewe toka mwanzo.

Sasa mbele ya dalsima moja ya hizo 300, fundi ni nani? Amburgey aliyekunja mbavu? Pickow aliyepiga msasa wa mwisho? Thomas, ambaye kielelezo chake ndicho kilichokatiwa? Au Jean, ambaye bila sauti yake hakuna mtu Manhattan angetaka kisanduku kile? Jibu la sokoni ni Jean. Ndivyo umaarufu ulivyo, na ndivyo ilivyokuwa pia kwa Joellen Lapidus, fundi wa California aliyetengeneza dalsima inayosikika katika albamu ya Joni Mitchell ya 1971, Blue. Mamilioni ya watu wanaijua sauti ya dalsima ile. Wachache wanalijua jina la Lapidus. Sisi wenyewe bado tunabishana kama "Malaika" ni wa Adam Salim au wa Fadhili William, na wapo wanaodhani ni wa Miriam Makeba. Sauti iliyosikika huumeza mkono ulioiandaa, hata mwenye sauti akiwa mtu mwema.

Na Ritchie alikuwa mwema katika hili. Kitabu chake cha 1963, The Dulcimer Book, ni cha kufundishia, lakini amechanganya humo kumbukumbu za ala hii katika kaunti za Perry na Knott, zimetajwa kwa majina. Ndiyo nguvu yake. Wengine waliokuja baada yake waliandika "watu wa milimani". Yeye alikuwa na baba, na baba alikuwa na dalsima yake, na dalsima ilikuwa na mahali pake ukutani. Kitabu kingine ninachokipenda ni kikavu kabisa: orodha ya L. Allen Smith iliyotoka 1983, ya dalsima za kabla ya uamsho wa muziki wa kienyeji. Urefu, upana, idadi ya freti, umbo la matundu, ala moja baada ya nyingine. Rafiki mmoja aliyekifungua mezani kwangu alisema ni kama kusoma risiti. Mimi naona ni kitabu chenye adabu kuliko vyote. Pale ambapo jina la fundi lipo, limeandikwa. Pale ambapo halipo, Smith hajaweka ukungu mahali pake, ameweka vipimo. Vipimo ni namna ya kumtazama mtu usoni hata kama hakujitambulisha.

Kwa hiyo nikarudi kwa namba 38 kwa macho ya Smith, na sikuona kitu, kwa sababu mimi si seremala.

Ghorofa ya chini ya jengo letu anakaa mzee wa Uvira. Wakongo ni wengi Lexington. Kuna maduka ambako unaweza kununua unga, dagaa na vocha bila kusema neno moja la Kiingereza. Mzee huyu alikuwa fundi mbao Uvira, kisha akawa fundi mbao kwa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, akitengeneza vitanda, milango, na majeneza kila ilipobidi. Hapa anapanga maboksi kwenye bohari usiku. Namwita Papa kama wanavyomwita wote. Nikamshushia dalsima Jumapili moja mchana.

"Papa, niangalizie hii."

Akaigeuza. Akaigonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, sehemu tatu tofauti, akisikiliza. Kisha akaomba taa.

"Huyu mutu aliijua mbao," akasema. "Lakini haikuwa kazi yake ya kila siku."

Nikamuuliza anajuaje. Akanionyesha mioyo minne. Mitatu ni sawasawa, wa nne una bega moja lililoshuka. Fundi wa kila siku, alisema, angekuwa na kielelezo cha bati na mioyo yote ingefanana, mizuri au mibaya. Huyu alikata mmoja mmoja kwa kisu, na wa nne aliukata akiwa amechoka, au ilikuwa jioni. Kisha akapitisha ukucha kando ya freti ya nne na kuniambia nitazame. Sikuona. Akainamisha ubao kuelekea dirishani. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, upana wa freti, umejazwa kitu chenye rangi ya mbao lakini chenye kung'aa kidogo. Alikata mfereji wa freti mahali pasipo pake, akaujaza gundi na vumbi la msumeno, akapiga msasa, akakata mwingine milimita chache mbele.

"Angeweza kutupa huo ubao akaanza upya," Papa akasema. "Mbao ilikuwa ya baba yake. Hakutupa."

Nilikuwa sijamtafsiria bado ule mstari wa penseli. Alikuwa ameuona mwenyewe. Anasoma Kiingereza zaidi ya anavyokiri kwa watu wa ofisi za huduma.

Hapo ndipo hasira yangu kwa muuzaji ilipobadilika sura. Dola 30 hazikunihusu tena. Tangazo lilikuwa limemwibia mtu huyu: aliyekuwa na baba mwenye ghala, aliyebomoa ghala hilo au aliliona likianguka, akaokoa mbao, akafanya kosa kwenye freti ya nne, akaliziba kwa uangalifu ambao ulidumu miaka hamsini. "Miaka ya 1800, fundi hajulikani" ilimfuta kwa maneno machache ili iongeze bei. Na kusema kweli, bila maneno hayo nisingeinunua. Mimi pia nilikuwa nanunua ukungu.

Mwaka 1974 si mwaka wa bahati mbaya. Ulikuwa wakati ambapo uamsho alioanzisha Ritchie ulikuwa umefika kila mahali, na watu wa kawaida, walimu, wafanyakazi wa reli, wastaafu, walikuwa wanajitengenezea dalsima kwenye gereji, wengine kutokana na vifurushi vya mbao zilizokatwa tayari. Ala yenyewe inaruhusu. Haina shingo ya kupinda kama gitaa, na kisanduku chake kinaweza kukunjwa kwa maji ya moto na subira. Mafundi wakubwa walikuwepo pia. Homer Ledford alikuwa Winchester, nusu saa kwa gari kutoka ninapoishi, na kabla ya kufariki 2006 alikuwa ametengeneza zaidi ya 5,000. Dalsima ya Ledford leo ina wasifu: wakusanyaji wanaijua kwa kichwa chake na kwa namba yake. Siwalaumu. Lakini nimeona pia jinsi namba inavyogeuka kuwa ugonjwa, mtu akilipa maradufu kwa namba ya chini bila hata kuuliza kama ala inashika sauti. Kati ya anayelifuta jina na anayelinunua jina tupu, sijui ni nani anayeisikiliza dalsima kidogo zaidi.

Limebaki suala la freti.

Freti za dalsima ya zamani zimepangwa kama vitufe vyeupe vya piano, bila vile vyeusi. Ukianza ngazi ya do-re-mi kwenye uzi mtupu, kila kitu kinakwenda vizuri mpaka ufike kwenye "ti", na hapo freti ya sita inakupa noti iliyo chini kwa nusu hatua. Inasikika kama mtu aliyebadili mawazo mlangoni. Wazee hawakuhangaika: walifunga uzi wa kwanza sawa na wa kati na kuanzia "do" kwenye freti ya tatu, ambako ngazi inakaa sawasawa. Wakitaka wimbo wa huzuni, walifunga upya. Kila mkao ulikuwa na nyimbo zake. Wapigaji wa kizazi kipya walitaka kupiga vingi bila kufunga upya, wakaongeza freti moja kati ya sita na saba. Inaitwa sita na nusu, na siku hizi karibu kila dalsima mpya inayo. Vitabu vya kujifunzia vilivyopo madukani vinadhani unayo.

Namba 38 haina. Fundi wa ala mmoja mjini aliitazama akasema ataiongeza kwa dola 25, kazi ya nusu saa, na itakuwa "rahisi kuuzika" kama nikija kuiuza. Hakukosea. Nilishindwa kumjibu, nikaondoka nayo begani kama niliyetoka kwa daktari.

Wapo wanaosema ala ni chombo, na chombo hufuata mtumiaji. Dalsima nyingi za kale zilikuwa na freti za waya uliokunjwa kama pini ya stapla, zilizokaa chini ya uzi wa kwanza tu, na wengi walizing'oa na kuweka freti za ubao mzima ili wapige akodi. Zikaendelea kupigwa badala ya kuning'inia ukutani. Wapo wanaosema ni sawa na kusahihisha sarufi ya mshairi aliyekufa. Mimi niliwaelewa wote wawili, ndiyo shida yenyewe. Nilimuuliza Papa, nikitarajia aseme usiguse.

"Unataka kuipiga ao kuichunga?" akauliza.

"Kuipiga."

"Basi kwanza ipige vile alivyoiacha. Ikikukatalia, njoo, nitakukatia mimi. Bure."

Nimeipiga hivyo kwa miezi mitano. Nilichokigundua ni kidogo na cha kiufundi, lakini ndicho nilichonacho. Bila sita na nusu huwezi kurukaruka kati ya nyimbo. Lazima uamue kabla, ufunge nyuzi, ukae ndani ya mkao huo angalau kwa nusu saa kwa sababu kufunga upya kunachosha na vigingi vyake vya mbao vinateleza. Nilidhani ni kasoro. Lakini baada ya nusu saa ya mvumo uleule sikio linaanza kusikia ndani ya mvumo: uzi wa kati una kivuli, uzi mnene unatetemesha mfupa wa paja, na kwenye mcheri huu mkavu mvumo haufi haraka. Mtu aliyeitengeneza mwaka 1974 angeweza kuweka sita na nusu. Wenzake walikuwa wameshaanza. Ama hakujua, ama hakutaka, ama aliogopa kukata mfereji mwingine baada ya lile kosa la freti ya nne. Hii ya mwisho ndiyo ninayoiamini siku nyingi, na hunichekesha, na sijakata.

Tarehe 28 Julai 2022 kijito cha Troublesome kilifurika usiku, pamoja na mito mingine ya mashariki mwa Kentucky. Watu wengi walikufa. Mjini Hindman maji yaliingia shuleni na kwenye nyaraka zake, picha na karatasi za miaka mia na zaidi, na watu wa kujitolea walizianika moja moja. Yaliingia pia kwenye karakana ya ala za nyuzi iliyofunguliwa hapo 2019, ambayo huwaajiri watu wanaojinasua kutoka kwenye uraibu wa dawa. Wanajifunza kukunja mbavu na kukata freti katika mji uleule ambako Amburgey alifundisha. Walisafisha tope na kurudi kazini. Nilisoma habari hizo zote nikiwa na mawazo ya kijinga, kwamba penseli haifutiki kwa maji kama wino.

Muuzaji wangu, nilipomwandikia tena bila kudai pesa, alinijibu kwa upole kuliko mwanzo. Alinunua dalsima hiyo kwenye mnada wa vitu vya nyumba moja ambayo mwenyewe alifariki. Kulikuwa na nyingine? Ndiyo, kama nne au tano, na mbao ndogondogo kwenye debe. Zilinunuliwa na watu mbalimbali. Jina la familia hakumbuki, kaunti anadhani anaikumbuka, lakini akataja mbili.

Wiki iliyopita nimeona tangazo jipya. Mbao ni nyeusi zaidi, labda walnati, lakini kiuno ni kilekile, na moyo wa nne, ule wa chini kulia, una bega lililoshuka. Dalsima ya kale ya milimani, miaka ya 1800, fundi hajulikani, dola 165. Nilimwandikia mwenye nalo nikimwomba amulike ndani kwa tochi ya simu na kunisomea kama kuna maandishi ya penseli. Akajibu kwamba ana vitu vingi vya kuuza na hana muda wa kuchungulia ndani ya kila kimoja, kama naitaka niinunue. Nina dola 90. Papa amesema ataniongezea 20 akilipwa Ijumaa, kwa sharti kwamba ikifika afungue boksi yeye.